Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wamepumzika. Mimi nimefunga hita ya gesi bafuni kwangu, kwa mikono yangu, bila fundi. Ya kwanza mtaa mzima. Labda ya kwanza Bariadi yote ukiacha mahoteli, na mahoteli hayahesabiki.

Sababu ni mama mkwe. Mayu Stephania, maana Wasukuma mama tunamwita mayu, anafika Ijumaa kutoka Bukundi. Ni mjane, magoti yanamsumbua, na wanawe wamekubaliana kwamba hawezi tena kuishi peke yake na ng'ombe. Atakaa kidogo kwetu, atakaa kidogo Lamadi kwa Masunga, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kisha ataamua mwenyewe azeekee kwa nani.

Masunga! Anauza samaki. Nyumba yake ina vigae mpaka uani, kuku wakipita wanateleza. Bafuni kwake yanatoka maji ya moto ya umeme, na hakuna kikao ambacho hajayataja. Hata kwenye msiba wa baba mkwe aliyataja.

Mke wangu Milembe hajasema anataka mama yake akae wapi. Ila jana nilimkuta anadarizi foronya mpya, akaificha chini ya mto. Mwanaume mwenye akili anasoma hata foronya.

Hita nimeiagiza Mwanza. Kitabu chake cha maelekezo ni cha Kichina, na picha zake zimechorwa na mtu mwenye haraka. Nimempa jirani yetu Felisita afungie vitumbua. Mtu aliyekaa kiwanda cha kuchambua pamba miaka yote ile haongozwi na picha. Milembe kanikumbusha kwamba kiwandani nilikuwa mtunza stoo. Nimemjibu kwamba hakuna mashine iliyofika popote bila kupitia stoo.

Jioni nimefungua maji. Hita kimya. Nimeigonga. Kimya. Uchovu wa safari, nadhani.

Jumanne, 8 Julai

Imelala usiku mzima na bado imechoka. Nikaikagua kisayansi. Chini kabisa nikakuta kijumba cha betri, kitupu. Nani anaweka betri kwenye kitu cha gesi? Lakini mimi sibishani na mitambo. Nimetoa betri kwenye redio ya Milembe.

Tak-tak-tak-tak! Cheche! Sauti tamu kuliko kengele ya parokia. Nimesimama bafuni nikiisikiliza mpaka miguu ikaloa.

Moto, hakuna. Nikagundua mtungi wa gesi umefungwa. Nani kaufunga? Nilimshuku Masunga, lakini hajakanyaga Bariadi tangu Pasaka. Nimemwondolea lawama shingo upande.

Nikaufungua mtungi. Tak-tak, fuu! Mwali wa bluu ukachomoza, ukanitazama, ukazimika. Tena. Tena. Maji yanatoka kama mtoto anayelazimishwa kusalimia.

Nimepiga simu dukani Mwanza. Binti wa pale kasema hita hii haiwaki mpaka maji yasukume kwa nguvu, akauliza tenki langu limewekwa juu kiasi gani. Nikasema urefu wa kawaida. Akauliza kawaida ya nini. Nikasema ya goti. Akasema nisubiri, kisha nikasikia muziki.

Milembe kaulizia redio yake. Nimemwambia imepumzika.

Jumatano, 9 Julai

Siku kubwa. Tenki limepanda juu!

Fundi wa kawaida angejenga mnara. Mimi nimetumia kilichopo. Banda la kuku lina paa, lina nguzo, na nililijenga mwenyewe. Nimemwita Method, dereva wa bodaboda, na vijana wenzake wa kijiweni, nikawaahidi soda, wakalipandisha tenki tupu kama kofia. Nikapiga picha. Nikamtumia Masunga, bila maneno. Picha ilijieleza.

Mchana maji ya mji yakafunguliwa. Tenki likaanza kujaa. Banda likaanza kuongea.

Kwanza likaongea polepole. Nikalituliza kwa kuweka mkono kwenye nguzo. Halafu likatoa neno moja kubwa, na nguzo haikuwa tena mkononi mwangu. Kuku wote wametoka salama, namshukuru Mungu, ingawa jogoo hanitazami usoni. Tenki limebiringika, limevunja michongoma, limeingia uani kwa Felisita na kumwaga maji yake yote kwenye jiko la vitumbua. Felisita kasema maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Kaapa kwamba hatanisemesha mpaka Krismasi.

Jioni Masunga kajibu picha. Kaandika: Hongera, hilo ni banda?

Wivu. Wivu mtupu.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi nimekuta mchomeleaji uani. Milembe kamwita bila kunishirikisha. Kaja na kichanja cha chuma kirefu, kilichotoka kwenye baa iliyofungwa. Yeye na wasaidizi wake wameliweka tenki juu. Mimi nilitoa wazo la urefu tangu jana, kwa hiyo kazi ni yangu, mikono tu ndiyo yao.

Nikafungua bomba. Maji yakaja kwa kishindo. Tak-tak, fuuu! Mwali ukawaka, ukakaa! Nimepiga kelele kama mtu aliyeona fahali wake akishinda. Milembe kaja mbio, mikono imejaa unga. Kaweka kiganja kwenye maji. Unga ukaoshwa wote, na bado mkono ulikuwa palepale.

Kisha akasema, "Mama atafurahi."

Ndoa yetu ina miaka mingi. Sikumbuki kama niliwahi kusifiwa hivyo.

Kasoro moja ndogo. Upepo wa Julai unapita dirishani na kuzima moto. Nimeufikiria upepo huo kwa muda wa chai moja na nimeushinda. Nimeziba dirisha kwa ubao, nikazungushia nailoni pembeni, nikaweka tambara chini ya mlango. Sasa bafu limekaza kama mtungi wa maziwa. Joto halitoki, upepo hauingii.

Milembe kauliza moshi utapita wapi. Nimemweleza kwa upole kwamba kuni ndizo zina moshi. Gesi haina moshi, na ndiyo maana ikaitwa gesi. Kanitazama. Kaenda kumaliza ugali.

Nalala nikiwa mtu mwenye furaha.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Kidole kimevimba, atakayesoma anisamehe mwandiko.

Mayu kafika saa ya chakula cha mchana na kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku mmoja. Nikamwamkia kwa heshima yote, nikiwa mbali, macho chini, kama mkwe anavyopaswa. Akasema kavumbi kamemwingia mpaka kwenye meno. Nikasema, mama, maji ya moto yapo, ya kutosha, ya bomba. Akauliza nani kayachemsha. Nikasema hakuna aliyechemsha. Lo, nilivyolifurahia jibu hilo!

Milembe akamwonyesha bafu na koki, kisha akaenda sokoni kununua mchele. Mimi nikakaa uani kwenye kigoda, nimegeuzia bafu mgongo, nikisikiliza. Maji yakaanza. Tak-tak, fuuu. Mayu akaanza kuimba. Wimbo wa kupalilia pamba, wa Kisukuma, sauti bado nzito kama ya msichana anayewaita wenzake shambani. Nikasema moyoni, Masunga, umekwisha. Kwako hakuna aliyewahi kuimba.

Akaimba. Akaimba. Akaanza kukosea maneno. Akanyamaza.

Nikadhani analia kwa furaha. Nakiri hivyo ndivyo nilivyodhani. Nikatabasamu hata.

Halafu beseni likaanguka, na kitu kizito kikafuata.

"Mama?"

Maji tu.

"Mama! Mayu! Uko salama?"

Nimesimama mbele ya mlango ule na mkono umeinuka, na mkono ukakataa. Mimi hata kiti alichokalia mama mkwe sikikalii. Nitafunguaje mlango wa bafu alimo? Babu yangu angefufuka anicharaze. Lakini hapakuwa na mtu mwingine uani. Nikakimbia nyuma, nikafunga mtungi wa gesi. Nikachukua mchi. Nikafumba macho nikaanza kupiga dirisha.

Niligonga ukuta kwanza. Kisha kidole changu. Kisha ubao.

"Siangalii, mama!" nikapiga kelele. "Nimefumba macho! Nisamehe, usife, siangalii! Felisita! Felisitaaa!"

Felisita, aliyeapa kutonisemesha, karuka michongoma na upawa mkononi. Kauliza kuna nini. Nikasema mama yuko ndani, mimi siwezi kuingia. Hakuuliza swali la pili. Kaupiga mlango bega, kitasa kikang'oka, kaingia. Nikasikia anaburuta. Akasema, "Lete khanga, wewe mzee, na uendelee kufumba!" Nikazileta nikipapasa. Nikajikwaa kwenye kigoda.

Nilipofumbua macho, Mayu alikuwa kalazwa kivulini kafunikwa. Midomo imepauka. Anapumua, lakini kama mtu anayepumua kwa mbali. Nikamwita. Jicho halikufunguka. Sijawahi kuona kitu kibaya kama jicho lile lililofungwa.

Bajaji ilitupeleka. Felisita kampakata kichwa njia nzima.

Daktari ni binti mdogo. Kamwekea hewa ya mtungi puani. Kauliza alikuwa akioga wapi, na je, dirisha lilikuwa wazi. Nikasema lilikuwa na ubao kidogo. Akasema moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa unakula hewa na kutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu anasinzia bila kujua anakufa. Kasema angekaa kidogo tu zaidi tungeongea mengine. Nikaanza kumweleza kwamba kiwandani nilikuwa... Sikumaliza. Aliendelea kuandika.

Milembe kafika na mchele wake bado mkononi. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele.

"Baba Flora," akaniambia, "nilikuuliza moshi utapita wapi."

Basi. Akaingia ndani kwa mama yake.

Jumamosi, 12 Julai

Kaamka! Kadai uji, na kalalamika kwamba hauna ndimu. Kichwa kinamgonga na katapika, lakini anajua jina lake, anajua siku, na anajua mimi ni nani. Hilo la mwisho lilinitia hofu kidogo.

Saa ya kutazama wagonjwa Masunga akafika kutoka Lamadi. Shati jeupe. Sato kwenye ndoo. Gari la kukodi linangoja nje na mto umeshawekwa kiti cha nyuma. Kasimama miguuni pa kitanda akatoa hotuba. Kwamba yeye hana la kusema. Kwamba binadamu tunatofautiana. Kwamba kwake umeme ulifungwa na wataalamu, vigae ni vya daraja la kwanza, na mama apumzike pale maisha yake yote bila kubahatisha.

Mimi nilikuwa mlangoni. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ndiyo maana kiliuma.

Milembe anakunja na kukunjua ncha ya shuka.

Mayu kamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Masunga, nilipokaa kwako mwaka juzi, nilianguka kwenye hivyo vigae. Unakumbuka?"

Masunga kasema alisikia.

"Ulisikia. Ulikuwa sebuleni. Ukamwita dada wa kazi, ukamwita mke wako, ukarudi kwenye mpira."

Masunga kasema ilikuwa ni kwa heshima, mama, mkwe hawezi...

"Najua mkwe hawezi." Mayu akanigeukia mimi, na mimi nikatazama ukuta. "Huyu naye hawezi. Nilikuwa nimelala pale sakafuni, mwili umekataa, nasikia kama niko kisimani. Nasikia mtu anabomoa nyumba yake mwenyewe. Anapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba hanitazami." Akaanza kucheka, kucheka kukageuka kikohozi, muuguzi akaja, akamfukuza muuguzi. "Tangu baba yenu afariki hakuna aliyepiga kelele kwa ajili yangu. Nitakaa hapa Bariadi. Samaki waache."

Milembe kaachia shuka. Akalia, kimya kimya, uso kwenye bega la mama yake. Mimi nikatoka nje kuangalia gari la Masunga kama limeegeshwa vizuri. Nilikaa huko mpaka macho yalipokauka.

Nimeshinda. Niandike wazi. Nimeshinda!

Jumapili, 13 Julai

Misa ya kwanza. Nimetoa shukrani madhabahuni, sauti yangu ikasikika mpaka kwenye maegesho. Mayu kapewa ruhusa, yuko nyumbani, kalalia foronya mpya. Waumini kadhaa wameniuliza habari za hita. Nimeeleza kwa ufupi jinsi nilivyomwokoa.

Mchana nimetafakari chanzo cha tatizo, maana mtu mzima lazima ajifunze. Daktari kasema moto unakula hewa. Sawa. Lakini Alhamisi nilisimama mle bafuni muda mrefu nikiutazama moto, na mimi nikatoka mzima. Tofauti iko wapi? Mimi sikuimba. Wimbo ule wa kupalilia una beti nyingi, na sauti yake ni nzito. Moto ukala hewa yake, na Mayu akala iliyobaki.

Nimemweleza Milembe ugunduzi huu. Kaniomba nikamwangalie kuku aliyeletwa na Mayu.

Jumanne, 15 Julai

Milembe kamleta fundi Yakobo. Kijana wa miwani ya jua, hata chini ya kivuli havui, na kila akikaza nati anajipiga picha. Kazungumza kama aliyeigundua gesi. Kaihamishia hita nje, ukutani, chini ya kikofia cha bati, bomba tu ndilo linaingia ndani. Kang'oa mabaki ya ubao wangu wote. Dirisha liko wazi na litabaki wazi, hiyo ni amri ya Milembe, na Mayu kaiunga mkono kutoka kitandani. Kasafisha pia kichujio cha maji, kumbe kilijaa mchanga. Upepo hauzimi tena moto.

Nilimsimamia kazi nzima. Mara mbili nilimshikia ngazi. Bila ngazi hakuna hita.

Jioni Mayu kaoga, mlango umerudishwa tu, Milembe kakaa kizingitini na kisahani cha michembe. Kaimba mpaka mwisho, hakukosea neno. Katoka anang'aa. Nikauliza kwa mbali, macho chini, maji yalikuwaje.

"Wabeja, asante, mkwe wangu," akasema. "Ya moto mno. Nimechanganya na ya baridi mpaka yakawa kama ya Bukundi."

Sijali. Yalikuwa ya moto, na yalikuwa yangu.

Masunga kapiga simu kumjulia hali mama. Kabla ya kukata akauliza, kama kwa bahati mbaya, hita za gesi zinauzwa wapi. Nimemwambia ajiandae kisaikolojia, si kitu cha kila mtu.

Alhamisi, 17 Julai

Sifa zimeenea. Leo jua likizama, Felisita kasimama kwenye tundu la michongoma na, mbele ya Mayu, mbele ya Milembe, kaniita Injinia. Sikio langu halijakosea. Injinia! Labda alikuwa akicheka, lakini neno ni neno.

Kumbe kaacha kuni. Kanunua jiko la gesi la kukaangia vitumbua, limewekwa kwenye kibanda chake, na tangu mchana kibanda kinanuka gesi. Hajui inavujia wapi. Kasema anafikiria kumwita Yakobo. Nimemwambia Yakobo ni mtu wa kupiga picha, uvujaji unataka jicho. Kwa bahati nzuri mbinu naijua, nimeibuni sasa hivi nikiwa nimesimama: unapitisha mwali mdogo taratibu kando ya mpira wa gesi, na pale mwali utakapokua, hapo ndipo panavuja. Rahisi. Sijui kwa nini mafundi wanaficha mambo kama haya.

Nimevaa koti langu la kiwandani. Nimetafuta kiberiti jikoni, hakipo. Sebuleni, hakipo. Milembe kakikalia, nimeona pembe yake chini ya kitenge, na hataki kunyanyuka wala kusema sababu. Mayu naye kamshika mkono, wote wawili wananitazama kama wanaotazama ng'ombe aliyeingia kanisani.

Wanawake! Si kitu. Nitaazima cha Felisita.